Baba anazima usiku, na sio malale

Ukimwambia mtu wa Tabora kwamba mzee wako ana ugonjwa wa usingizi hakuulizi upi. Anashusha sauti kidogo halafu anauliza kaumwa na mbung'o pori gani, Ugalla au huko upande wa Kaliua, maana huku kwetu ugonjwa wa usingizi ni mmoja tu, malale, na kila ukoo una babu au shangazi ambaye habari zake zinasimuliwa. Na mimi nilikuwa hivyohivyo. Baba yangu ni mrina asali, toka niko mdogo anaingia porini huko mbele ya Sikonge anakaa wiki mbili tatu, anarudi na madumu, nguo zinanuka moshi mikono imevimba, kwahiyo alipoanza kusinziasinzia mchana hakuna aliyeumiza kichwa kutafuta sababu, sababu ilikuwa inaruka huko porini ina mabawa mawili.

Siku tuliyoshtuka kweli ni siku ya ndoo. Mwenzake alikuwa juu ya mti anakata masega, baba yuko chini kashika kamba ya kushushia ndoo, kazi ambayo ameifanya zaidi ya miaka thelathini. Ndoo ikashuka kidogo ikasimama, ikashuka tena, halafu ikaja yote kwa mpigo ikapasuka pembeni ya mguu wake. Mwenzake anasema alipochungulia chini alimuona mzee amesimama wima, macho yamefumba, kamba iko mikononi, anakoroma. Nyuki wanamtembea usoni anakoroma. Wenzake wakacheka njia nzima kurudi mjini ila yeye hakucheka, na mama alipoisikia ile hadithi hakucheka pia.

Basi tukaanza safari za vituo. Sehemu ya kwanza wakapima malaria, hamna, wakampa dawa ya malaria. Sehemu ya pili mtu wa dawati alisikia "mrina asali" na "anasinzia" akamuangalia baba kama vile ameshakufa, akatuelekeza maabara. Wakachukua damu siku tatu mfululizo, wanaiweka kwenye darubini wanatafuta kale kadudu, na kila siku jibu ni hakuna kitu. Ikaanza kuzungumzwa habari ya kuchukua maji ya uti wa mgongo, maana malale ikishaingia kwenye ubongo ndio wanaangalia huko, na hapo mzee akavaa kofia yake akasema anarudi nyumbani.

Aliyetusaidia ni fundi maabara mmoja mtu mzima, kanzu yake nyeupe imeshakuwa rangi ya maziwa ya mgando. Akatuuliza hali hii imeanza lini, mama akasema mwaka wa nne sasa. Yule mzee akatikisa kichwa akasema, "Mama, malale ya huku kwetu haina subira hiyo." Na ndivyo ilivyo, nilikuja kusoma baadaye. Malale ziko mbili, ile ya Afrika Magharibi na ya Kati inayoitwa gambiense ambayo inaweza kukaa na mtu miaka mingi kimyakimya, na hii ya mashariki, rhodesiense, ambayo ndiyo yetu, inayokimbia, ndani ya wiki chache au miezi michache mtu amebadilika na asipotibiwa anakufa. Miaka minne na rhodesiense bila dawa haiwezekani. Yaani jibu lilikuwa kwenye kalenda, halikuwa kwenye darubini.

Niseme kitu kimoja hapa kwa sababu watu wanachanganya. Hata malale yenyewe sio kwamba mtu analala sana tu. Kile kidudu kinaharibu saa ya mwili, mgonjwa anasinzia mchana na usiku macho makavu, usingizi unakatikakatika unakuja muda usio wake. Na dawa ya zamani ya hatua ya mwisho, melarsoprol, ilitengenezwa na aseniki, sumu yenyewe, na iliua baadhi ya watu waliokuja kutibiwa. Siku hizi kuna vidonge vya fexinidazole vya siku 10, vilianza kwa gambiense na miaka hii ya karibuni vikakubaliwa na kwa yetu. Kwahiyo ukiingia pori ukaumwa na mbung'o kisha ukapata homa isiyoeleweka, nenda ukapime, usije ukasema mimi dada wa steshenari niliandika malale imeisha.

Turudi kwa mzee. Tukaambiwa ni uzee, akale vizuri, apumzike. Mtu anayelala saa kumi kwa siku anaambiwa apumzike!

Jibu lilikuwa nalo mama muda wote ila hakuna aliyemuuliza. Usiku mmoja nililala kwao Ng'ambo kwa sababu ya msiba wa jirani, na ile nyumba dari hakuna, unasikia kila kitu. Baba alikuwa anakoroma kama trekta linapanda mlima, hiyo tumeizoea, watoto wote wa nyumba ile tumelelewa na hiyo sauti. Kitu ambacho sikuwahi kukisikiliza ni katikati. Trekta linazima. Kimya. Kimya kile kinaenda, kinaenda, mpaka na wewe unajikuta umebana pumzi, halafu anashtuka kwa kishindo kama mtu aliyezama anaibuka juu ya maji, anageuka, anaanza tena. Asubuhi nikamuuliza mama kama ameona vile baba anavyofanya. Mama akaniangalia kama naongea Kichina. "Anazima," akasema. "Kila siku anazima. Nikiona amezima nashika tasbihi, nahesabu. Ikifika ishirini na tano nampiga kiwiko."

Miaka minne. Kila usiku, gizani, mama amelala kwenye ukingo wa kitanda anavuta punje moja moja, subhanallah, subhanallah, anasubiri mume wake avute pumzi. Nilimuuliza kwa nini hukusema hospitali. Akasema hospitali waliuliza habari za mchana.

Nikarekodi kwa simu, dakika ishirini na mbili, nikamtumia kaka yangu Dar, na kaka akaenda nayo kwa daktari mmoja wa masikio, pua na koo ambaye aliisikiliza dakika mbili tu akasema mleteni. Kabla hawajafika akamtumia maswali manane kwenye simu, yanaitwa kipimo cha Epworth, yalitungwa na Murray Johns huko Melbourne, Australia, mwaka 1991. Unajipa alama kuanzia 0 mpaka 3, uwezekano wako wa kusinzia ukiwa unasoma, ukiangalia televisheni, ukikaa kimya baada ya chakula cha mchana, ukiwa abiria kwenye gari saa nzima bila kusimama, hata ukiwa umekaa unaongea na mtu. Jumla ni 24 na ukizidi 10 una jambo la kuangaliwa. Kuna swali la kusinzia kwenye gari lililosimama kwenye foleni, sasa Tabora foleni utaitoa wapi, kaka akalibadilisha kuwa umesimama unasubiri treni ipite. Mzee alipata 19. Kwenye lile la kuongea na mtu alibisha sana kwamba hajawahi kusinzia anaongea, na akasinzia kwenye kubisha, namwapia Mungu.

Kipimo chenyewe walimfunga kwa kaka, sio hospitali. Kimkanda kifuani, kibomba chini ya pua, kidude kinachobana kidole kinasoma oksijeni. Alilala nacho usiku mmoja. Majibu yakaja, pumzi inakata mara 41 kwa saa, yaani kama kila dakika moja na nusu mtu ananyongwa na koo lake mwenyewe. Mara 30 kwa saa ndio mpaka wa hali mbaya, yeye kaupita. Oksijeni ilikuwa inashuka mpaka asilimia 68. Inaitwa apnia ya usingizi, ile ya kuziba, na inavyofanya kazi haina maajabu: ukilala misuli ya koo inalegea, kwa wengine njia ya hewa ni nyembamba au shingo ni nene, basi inajifunga, kifua kinahangaika kuvuta na hewa haipiti, oksijeni inashuka, ubongo unapiga kengele, mtu anashtuka sekunde chache bila kujua, anapumua, analala tena. Asubuhi atakuambia nimelala usingizi wa pono. Hajalala. Na ile presha yake iliyokuwa haishuki na vidonge vitatu, na kule kuamka kukojoa mara nne ambako tulikuwa tunasingizia tezi dume, vyote vimo humohumo.

Ila kuna kitu kwenye ile karatasi kilinikaa kichwani. Chini kulikuwa na maandishi madogo kwamba kukatika kwa pumzi kunahesabiwa kuanzia sekunde 10, kwa kanuni za American Academy of Sleep Medicine, chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani. Nikajiuliza, nani alikaa akasema kumi? Kwa nini sio tano, kwa nini sio ishirini na tano za mama? Dukani kwangu kuna siku hakuna fotokopi hata moja, nikaanza kusoma.

Sasa mimi na vyama vya wataalamu hatuna urafiki sana, nimechapisha makabrasha ya semina za kutosha kujua kwamba chama kikubwa maana yake ni begi, fulana na posho. Lakini hawa watu hadithi yao imenibadilisha kidogo. Mpaka miaka ya 50 wenye elimu waliona usingizi ni kama taa imezimwa, hakuna cha kuangalia humo. Mwaka 1953 ndio Aserinsky na Kleitman pale Chicago wakaandika kwamba kuna sehemu ya usingizi macho yanakimbiakimbia chini ya kope na mtu anaota. Apnia yenyewe ilielezwa na Wafaransa na Wajerumani mwaka 1965. Mwaka 1970 William Dement akafungua kliniki ya usingizi Chuo Kikuu cha Stanford, California, halafu akaja Mfaransa mmoja, Guilleminault, ambaye pamoja na wenzake mwaka 1976 waliuweka huu ugonjwa sawasawa kama ugonjwa.

Katikati hapo, mwaka 1975, vituo vichache vilivyokuwa vinafanya hii kazi vikaunda umoja wao, ndio huo ambao baada ya kubadili majina umekuwa hiyo Academy ya leo. Na walichofanya kwa miaka hiyo, ukikiangalia kwa mbali, ni kazi ya kuchosha kupita maelezo: kukaa na kukubaliana. Mwaka 1977 wakaanza kukagua vituo na kuvipa ithibati. Mwaka 1979 ikatoka orodha ya kwanza ya magonjwa ya usingizi, ili daktari wa mji mmoja akisema hiki ni hiki, wa mji mwingine asiseme kingine. Mwaka 2007 wakatoa kitabu cha kanuni za kusoma usiku wa mtu, usiku mzima unakatwa vipande vya sekunde 30, kila kipande kinapewa jina, hiki usingizi mwepesi, hiki mzito, hiki ndoto, na pumzi ikikatika imehesabiwaje. Hakuna mtu atakayeimbwa kwa kazi kama hiyo. Lakini kwa sababu wao walikubaliana kule, daktari asiyemjua baba yangu aliusoma usiku wake uliolalwa Mbagala na akaelewa kila mstari.

Na huwezi amini nilichokikuta humo. Orodha yao ya mwaka 1990, waliyoitengeneza na wenzao wa Ulaya, Japani na Amerika ya Kilatini, ina malale ndani. Imeandikwa kabisa, kwenye fungu la magonjwa ya usingizi yanayotokana na magonjwa mengine. Nilicheka peke yangu dukani. Sisi huku tuna neno moja la ugonjwa wa usingizi na limejaa malale mpaka pomoni, wao wana kurasa na kurasa za magonjwa na malale kapewa kamstari kake humo.

Nadhani hapo ndipo tulipopotezea miaka minne. Sio kwamba watu wa vituo ni wabaya, ni kwamba lile neno lilikuwa na mwenyewe tayari. Kiswahili kina utajiri wa usingizi wa ajabu, tuna jinamizi, kuweweseka, lepe, mang'amung'amu, hata huyo pono ambaye ni samaki wa baharini na huku Unyamwezini hatujawahi kumuona lakini tunalala usingizi wake. Ila mtu anayekata pumzi usiku hatukumpa jina. Anayekoroma ndio kabisa, tunasema amelala fofofo, amechoka na kazi, mwacheni.

Tiba ni mashine ya CPAP, nyumbani tunaiita pampu. Ni boksi dogo lina bomba na barakoa ya puani, inasukuma hewa kwa shinikizo dogo ili koo lisijifunge, hakuna dawa humo, ni hewa tu. Iligunduliwa na Colin Sullivan huko Sydney, alimjaribishia mgonjwa wa kwanza mwaka 1980 na kuichapisha 1981, na zile za mwanzo zilitumia mota ya mashine ya kufyonza vumbi, badala ya kuvuta inapuliza. Kabla ya hapo tiba ilikuwa kutoboa koo. Nilimsimulia baba habari ya kutoboa koo makusudi kabisa, kwa sababu usiku wa kwanza aliivua pampu saa sita akasema anajisikia kama ng'ombe aliyefungwa hatamu.

Kuishi nayo Tabora ni somo jingine. Umeme ukikatika inazima nayo (sasa ni yeye au mashine, mama anahesabu vyote viwili), tumenunua betri na inveta ndogo. Mashine ina kitangi cha maji cha kulowanisha hewa, na maji yake yanatakiwa yawe safi yasiyo na chumvi, tunatumia yale ya betri za magari yaliyokenekwa (distilled), yale meupe, sio ile tindikali, tafadhali sana. Vumbi la kiangazi linaziba chujio haraka. Na ndevu, barakoa haishiki vizuri kwenye ndevu, na mzee ndevu zake hazijadiliwi. Bei sisemi, ila shamba la Urambo sio letu tena.

Wiki ya pili aliamka asubuhi akakaa kitandani muda mrefu, mama akadhani anaumwa. Akasema, "Kumbe kulala ndio huku."

Nimechepuka kidogo lakini lazima niseme na hili. Mwaka 2020 hao madaktari wa Academy walitoa msimamo kwamba Marekani waache kupeleka saa mbele na nyuma kila mwaka, wabaki na saa iliyo karibu na jua kwa sababu mwili unafuata jua. Nikasema afadhali sisi hatuna hayo mambo. Halafu nikafungua ramani. Saa ya Tanzania imepigwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko baharini huko, nje kabisa ya nchi. Tabora tuko karibu na 33, kila nyuzi ni dakika nne, yaani jua letu liko nyuma ya saa kwa kama dakika 50. Kigoma ndio kabisa, saa nzima! Jua la utosini Kigoma ni saa saba. Na saa zetu za Kiswahili zinahesabiwa toka jua linapochomoza, saa moja maana yake jua lina saa moja toka litoke, ila Kigoma saa moja ndio kwanza linachungulia. Sasa mtoto wangu anaondoka saa kumi na moja na nusu kwenda shule, anapita chini ya miembe na tochi, na mwili wake unajua kabisa kwamba bado ni saa kumi na dakika arobaini za usiku. Halafu anaitwa mvivu kwa kusinzia kipindi cha kwanza. Kila nikifikiria hilo nakasirika upya.

Kuna chama kingine cha dunia nzima, World Sleep Society, kilizaliwa 2016 vyama viwili vilipoungana, na ndio wanaosimamia Siku ya Usingizi Duniani, inayokuwa Ijumaa moja ya mwezi Machi, ilianza 2008. Mwaka huu niliiandika kwenye ubao wa duka, "Leo Siku ya Usingizi Duniani, kama mwenzio anakoroma halafu anakata pumzi ingia tuongee, bure." Waliingia watu wawili kuuliza kama natoa vyandarua.

Baba amerudi porini. Daktari alimkubalia baada ya kuona kadi ya mashine, ina kumbukumbu ya kila usiku. Kambini anaiendesha kwa betri ya sola, na kwa anavyosimulia ile siku ya kwanza warina wote walikaa kuizunguka kama televisheni ya mpira, mmoja akauliza kama inafukuza ndorobo. Akawaeleza habari ya kuzima, wakacheka, wakalala.

Ila wiki mbili baadaye nikapata vois ya yule mwenzake wa juu ya mti, wa siku ya ndoo. Anasema aliporudi nyumbani alimuuliza mke wake kama na yeye huwa anazima, na mke hakujibu, alinyamaza tu. Usiku ule yule mama akakaa na sinia la mahindi aliyokuwa anapukuchua, na kila mume akizima anadondosha punje moja kwenye kikombe. Alipitiwa na usingizi kwenye saa saba hivi, kwahiyo sio usiku mzima.

Kikombe kimefika dukani juzi na basi la Sikonge, kimefungwa nailoni na mpira juu. Nimehesabu mara mbili. Ziko 112.